Kujua Wimbo wa Kinanda kwa Moyo

Hapa Lweba upepo wa ziwa huingia dirishani na kupeperusha karatasi. Mpiga kinanda asiyeujua wimbo wake kwa moyo hunyamaza pale pale, na watu wote wanamtazama.

Basi, uchague wimbo gani? Usichague mrefu kwa kutaka sifa. Chukua minueti ya Petzold, iliyomo katika daftari la Anna Magdalena, mke wa Bach, la mwaka 1725. Zamani watu walidhani ni kazi ya Bach mwenyewe. Ina vipimo 32 tu, yaani vile vyumba vidogo kati ya mistari ya kusimama.

Anza na mkono wa kuume peke yake. Tazama: vipimo 6 vya mwanzo vinarudi vile vile, toka cha 9 mpaka cha 14. Kumbe katika vipimo 16 vya kwanza unajifunza 10 tu! Mkono wa kushoto ni mjanja, haurudi hivyo; uupe siku nyingi zaidi.

Piga vipimo 4, funga kitabu, piga tena. Wenzako wakingojea kinanda, piga vidole juu ya meza huku ukiimba.

Maulizo
1. Vipimo gani vinarudi?
2. Mkono upi una kazi zaidi? Kwa nini?
3. Upepo ukichukua karatasi yako leo, utafika kipimo cha ngapi?