Wananicheka kwa Kumlilia Punda

Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watano, nimeolewa Oldonyosambu, upande ule wa Mlima Meru usiopata mvua ya kutosha. Nilipoingia kwenye boma hili nikiwa na mimba ya kwanza, mume wangu alininunulia punda jike wa kuchotea maji. Tunamwita Kijivu. Mtoto yule wa kwanza leo ana mke. Kijivu amebeba maji ya kila mtoto niliyemzaa. Amepeleka mahindi mashineni, amebeba kuni, amebeba mchanga na mabati ya nyumba tunayolala. Usiku niliposhikwa na uchungu wa mtoto wa tatu gari halikupatikana, na ni yeye aliyenifikisha barabarani.

Sasa amezeeka. Meno yamekwisha, anatafuna majani kisha anayatema. Nikimpakia yale madumu manne aliyoyazoea, anasimama katikati ya njia akitetemeka. Kazi nyingi anaifanya mwenzake, dume mdogo tuliyemnunua baadaye. Hao wawili hawaachani. Mmoja akitangulia, mwingine analia mpaka wakutane.

Mume wangu amepata mnunuzi. Ni mtu ambaye hapa kijijini hatumjui, anazunguka minadani akinunua punda wazee na vilema, tena kwa bei nzuri. Anasema anawapeleka kazini. Punda kilema anapelekwa kazi gani? Mume wangu anasema kijana wetu anadaiwa ada ya chuo cha ufundi, na kwamba asante ya punda ni mateke. Nilipolia, mawifi walicheka, wakaniuliza nimefiwa na nani. Hata mama mkwe, ninayemheshimu sana, ameniambia nisimkufuru Mungu kwa kumlilia mnyama.

Shangazi, nimerukwa na akili? Na nifanye nini kabla ya mnada ujao?

Mwenye Kijivu, Oldonyosambu

*

Mwanangu,

Akili zako ni timamu. Unaumia kwa sababu unajua umefanyiwa nini na mnyama huyu, na unajua kinachotaka kumpata. Mtu ambaye angeishi na Kijivu miaka yote hiyo kisha asiumie, huyo ndiye angenitia wasiwasi.

Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani, Kenneth Doka, alihariri kitabu kuhusu huzuni ambayo jamii haiitambui. Mtu amepotewa na anachokipenda, lakini hakuna anayempa pole, hakuna anayekuja kukaa naye, na akilia anaambiwa anajidhalilisha. Huzuni hiyo haipungui kwa kuchekwa. Inabaki ndani, inageuka aibu, na mwenye nayo anaanza kujiuliza swali ulilonitumia wewe.

Lakini nataka tuende mbele kidogo, kwa sababu kwenu si kweli kwamba watu hawaombolezi wanyama. Wafugaji wa Arusha wanamjua kila ng'ombe kwa rangi yake, kwa pembe zake, na kwa mama aliyemzaa. Mwaka 2009 ukame ulipofagia mifugo Longido na Monduli, mzee aliyepoteza zizi lake alikaa na wenzake akawataja waliokufa mmoja mmoja, nao wakamsikiliza kwa heshima. Mawifi zako wasingethubutu kumcheka. Kwa nini basi wewe unachekwa? Kwa sababu ng'ombe ni heshima ya boma, na punda ni mnyama wa wanawake. Anabeba maji, kuni na mahindi, na hizo ni kazi ambazo hakuna anayezihesabu mpaka siku zisipofanyika. Kazi yako haikuhesabiwa, na mwenzako katika kazi hiyo hakuhesabiwa pia. Ndiyo maana machozi yako yanaonekana hayana sababu.

Wewe na mimi tunajua sababu ipo. Upande wenu wa mlima uko kwenye kivuli cha mvua. Mawingu yanamwaga maji kwenye migomba na kahawa za kusini na mashariki, ninyi mnabaki na vumbi. Na maji mengi yanayopatikana huko yana floraidi iliyotoka kwenye miamba ya volkano, ile inayofanya meno ya watoto kuwa ya kahawia na, ikizidi, kupinda mifupa yao. Mama anayetaka maji yenye afadhali anatembea mbali. Dumu moja la lita 20 ni kilo 20 mgongoni. Mgongo wako ungali umenyooka kwa sababu kuna mgongo mwingine uliopokea huo mzigo.

Kuhusu mama mkwe, usibishane naye. Mwombe tu kwa adabu msome pamoja kitabu cha Hesabu katika Biblia, sura ya 22. Hapo Balaamu anampiga punda wake mara tatu, Mungu anakifungua kinywa cha punda, naye anamuuliza bwana wake amemkosea nini, ilhali amempanda maisha yake yote. Kisha malaika anamkemea Balaamu kwa vile vipigo. Sioni kufuru kumhurumia mnyama ambaye Mungu mwenyewe alimpa nafasi ya kujitetea.

Sasa tuje kwa huyo mnunuzi, maana hapa sitaki upoteze hata siku moja. Simjui na simhukumu, lakini mtu anayelipa bei nzuri kwa punda kilema hatafuti wa kubeba mizigo. Kinachotafutwa ni ngozi. Ngozi ya punda inachemshwa China kupata gundi iitwayo ejiao, inayotumika kama dawa na kwenye vipodozi. Punda wa China walikuwa milioni 11 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1990, leo hawafiki milioni 3, kwa hiyo wanunuzi wakaigeukia Afrika. Sisi tulikuwa na machinjio Dodoma na Shinyanga. Kenya walifungua ya kwao mwaka 2016, na wanawake wa vijijini wakaanza kuamka asubuhi na kukuta punda wao wameibwa, wengine wakiwa wamechunwa vichakani. Punda hazai kama mbuzi. Anabeba mimba karibu mwaka mzima na kuzaa mtoto mmoja, kwa hiyo wakichinjwa kwa kasi hiyo hawawezi kurudi. Serikali yetu ilisimamisha uchinjaji huo mwaka 2022, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, walikubaliana kuzuia biashara hiyo barani kote. Biashara iliyofungiwa mlango mara nyingi huhamia gizani. Punda anayenunuliwa hivyo husafirishwa mbali akiwa amebanwa kwenye lori, bila maji wala chakula, na mwisho wake si wa kumwandikia mama anayempenda mnyama wake.

Kwa hiyo jibu langu ni fupi. Asiuzwe.

Lakini nami nina neno na wewe, mwanangu, na ulipokee kwa moyo uleule ulioniandikia. Umesema unampakia madumu manne. Punda wetu wengi wa Afrika Mashariki wana uzito wa kilo 150 hivi, na wataalamu wanashauri mzigo usizidi theluthi moja ya uzito wa mnyama, yaani kilo 50. Madumu manne ni kilo 80. Alipokuwa kijana aliyabeba kwa sababu punda ni mnyama mvumilivu kupita kiasi, anaficha maumivu mpaka yanapomshinda. Sasa yamemshinda. Asibebe tena hata dumu moja. Na yule dume mdogo, mpakie mawili, pungufu ya hapo kama njia ni ya kupanda, na umwekee matandiko manene ya kitambaa laini ili kamba zisimkate. Hayo mateke anayoyasema baba watoto, mara nyingi punda huyapiga pale anapoguswa kwenye kidonda au anapoogopa. Angalieni mgongoni kabla ya kumlaumu.

Kijivu akipumzishwa anaweza kuishi vizuri bado. Punda anayetunzwa hufika miaka 25, hata 30 na zaidi. Hilo la kutafuna na kutema ni meno. Yanakuwa na ncha kali zinazochoma ulimi na mashavu, na daktari wa mifugo anaweza kuzisawazisha kwa tupa. Mwone afisa mifugo wa kata. Pale Arusha lipo pia shirika la Meru Animal Welfare Organization, wengi wanaliita MAWO, ambalo limewahudumia punda wa mkoa huu kwa miaka mingi. Mpe majani laini yaliyokatwakatwa, na pumba kidogo iliyolowekwa mpaka ilainike, wala usimwachie mabua makavu. Kwato zikatwe kila baada ya miezi miwili hivi. Usiku alale ndani ya boma la miiba. Fisi wa huko kwenu unawajua kuliko mimi, na mnyama asiyeweza kukimbia ndiye wanayemwanzia. Akikataa kula siku nzima, usingoje kesho, mwite daktari. Punda asipokula, mafuta ya mwilini mwake humiminika kwenye damu na kuharibu ini, na anaweza kufa kwa siku chache.

Hakuna ajabu yoyote katika kumhangaikia punda hivi. Kule Lamu, ambako vichochoro havipitishi gari na punda ndiye usafiri, kuna kliniki yao tangu mwaka 1987, iliyofunguliwa na The Donkey Sanctuary, shirika alilolianzisha Elisabeth Svendsen huko Uingereza. Wanaume wazima wanaacha shughuli zao kumpeleka punda akatibiwe.

Itafika siku ambapo matunzo hayatatosha. Akishindwa kusimama, au maumivu yakawa ya mchana na usiku, mwite daktari amdunge sindano afe bila mateso, hapo hapo nyumbani, ukiwa karibu naye. Huko si kumsaliti. Na siku hiyo mkumbuke mwenzake. Punda wakizoeana wawili, mmoja akiondolewa ghafla yule anayebaki huzunguka akiita, huacha kula, na anaweza kuangukia ugonjwa ule ule nilioutaja. Mwacheni akae na mwili wa mwenzake mpaka aondoke mwenyewe, hata ikichukua saa kadhaa, ndipo mzike. Mapema kabla ya hapo mtafutieni mwenzake mwingine. Hii nayo ni sababu ya kutomuuza Kijivu: mtu akimchukua mnadani, dume wenu, ambaye bado mnamhitaji kwa kazi, anaweza kudhoofika bila ninyi kuelewa ameugua nini.

Limebaki la mume wako. Sitaki umwone adui. Baba anayetafuta ada ya mwanawe anafanya linalompasa, na huenda kweli hajui lori lile linaelekea wapi. Zungumza naye jioni, mkiwa wawili tu, mbali na mawifi na watoto. Usianze na machozi, ingawa ni ya haki. Anza na ada. Mwambie nayo inakuumiza kichwa wewe pia, na uende ukiwa na jambo mkononi: mbuzi wawili mnaoweza kuuza, fedha ya kikoba unayoweza kukopa, au kumwomba mkuu wa chuo mlipe kidogo kidogo. Kisha mkumbushe usiku ule wa mtoto wa tatu. Alikuwepo, anakumbuka. Mwambie: "Baba, mnyama huyu ulininunulia wewe. Ni zawadi yako iliyonitunza miaka yote hii. Naomba azeekee hapa."

Akiona ugumu, usimpigie kelele. Mwombe mwende pamoja kwa mtendaji au kwa laigwanani mnayemwamini, na mnunuzi aitwe. Aulizwe mbele ya watu anatoka wapi, punda wanakwenda wapi, na kibali cha kusafirisha mifugo kiko wapi. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na afisa mifugo anaijua. Mfanyabiashara mwenye shughuli halali atajibu maswali hayo bila shida. Akianza kupandisha bei badala ya kujibu, mume wako atasikia mwenyewe kinachonunuliwa.

Nenda kwa afisa mifugo wiki hii, kabla hata ya mazungumzo, ili uwe na la kumweleza baba watoto kuhusu meno na kwato. Mkishaelewana niandikie, nataka kujua anaendeleaje.

Shangazi