Kuanzisha Bustani Katika Nchi ya Baridi na Mvua

Katika milima ya Kenya kuna nchi ambazo wakulima wake hawahangaiki sana kutafuta maji. Limuru iko zaidi ya futi 7,000 juu ya usawa wa bahari, na huko, kama vile Nyeri na sehemu za juu za Murang'a, mvua ya masika hunyesha toka Machi hata Mei, na ya vuli toka Oktoba hata Desemba. Kericho na Kisii hupata mvua karibu kila mwezi, na jumla yake kwa mwaka hupita inchi 70. Jua si kali, na asubuhi nyingi kuna ukungu.

Mtu aanzaye bustani katika nchi kama hizo hudhani kwamba kazi yake ni kutupa mbegu tu, na mvua itamaliza mengine. Basi hulima kwa haraka, akapanda, na baada ya majuma machache huona miche yake imegeuka manjano, au imelala chini, au imechukuliwa na maji pamoja na udongo wake. Hulaumu mbegu, kumbe mbegu haina kosa.

Yapasa kufahamu ya kuwa mvua iletayo chakula ndiyo hiyo hiyo ichukuayo. Huchukua udongo wa juu ulio na rutuba. Huchukua madini yaliyomo ndani ya udongo na kuyashusha chini, mizizi isipoweza kuyafikia. Tena unyevu wake hulea magonjwa ya majani. Kwa hiyo, kabla ya kununua mbegu, mkulima ana kazi tatu: kuuzuia udongo, kuulisha udongo, na kuyaongoza maji. Asiyezifanya atakuwa akilima kwa faida ya mto.

KUCHAGUA MAHALI

Siku hizi watu wengi katika nchi hizo wana vipande vidogo, kwa maana mashamba ya wazee yamegawanywa kwa watoto na wajukuu. Mtu mwenye robo ya eka, penye nyumba na zizi la ng'ombe, hana nafasi ya kuchezea. Hata hivyo asianze na kipande chote. Mraba wa futi 30 kwa futi 30 watosha kwa mwaka wa kwanza. Ukitunzwa vizuri utamlisha kuliko robo ya eka iliyojaa magugu.

Mahali penyewe pawe karibu na nyumba, ili mboga zichumwe upesi na wadudu waonekane mapema. Pawe wazi upande wa mashariki, majani yapate jua la asubuhi na kukauka umande. Pasiwe chini ya mikalitusi, kwa kuwa miti hiyo hunywa maji mengi na mizizi yake huenda mbali. Wala pasiwe bondeni kabisa. Maji hutuama huko, tena hewa baridi hushuka usiku na kukaa bondeni kama maji. Katika nyanda za juu sana, kama Kinangop, usiku usio na mawingu wa Januari au Februari waweza kuleta sakitu, yaani umande ulioganda, na viazi vikaungua kana kwamba vimepitiwa na moto.

KUUZUIA UDONGO

Habari ya kuzuia udongo ina historia yenye uchungu. Wakati wa ukoloni watu walilazimishwa kwenda kuchimba matuta kwa amri, na mwaka 1948 wanawake wa Murang'a walikataa kazi hiyo hadharani. Kwa sababu hiyo matuta yalipata jina baya kwa miaka mingi. Lakini ubaya ulikuwa katika kulazimishwa, wala si katika tuta lenyewe. Baadaye wakulima wenyewe, hasa wa Machakos, walichimba matuta kwa hiari yao, kwa faida yao, na jina la Kiswahili la mtindo mmoja, "fanya juu", sasa limo katika vitabu vya kilimo vya nchi nyingi.

Mtelemko ukiwa mdogo, yatosha kupanga vitanda vya bustani kukata mtelemko, kamwe visielekee chini, na kupanda ukanda wa nyasi upande wa chini. Mtelemko ukiwa mkali, sharti kuchimba fanya juu. Mtaro huchimbwa upana wa futi 2 na kina cha futi 2, na udongo wake hutupwa upande wa juu. Kati ya mtaro na udongo huo iachwe nafasi ya futi moja, udongo usije ukarudi shimoni. Juu ya tuta hupandwa majani ya tembo, yaitwayo pia nepia. Majani hayo hushika udongo, tena ni chakula cha ng'ombe. Mwaka kwa mwaka udongo hukusanyika nyuma ya tuta, hata shamba likawa kama ngazi.

Ili kupata mstari ulio sawa, hapahitajiwi chombo cha fedha nyingi. Miti miwili iliyonyooka, kila mmoja futi 7, hufungwa pamoja juu na kupanuliwa chini. Mti wa tatu hufungwa katikati, umbo likawa kama herufi A. Uzi wenye jiwe huning'inizwa kutoka kileleni. Chombo husimamishwa, na alama hutiwa katika mti wa kati pale uzi upitapo. Kisha miguu hubadilishana mahali pake, na alama ya pili hutiwa. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Mkulima hutembeza chombo chake shambani, mguu baada ya mguu, akichomeka vijiti kila uzi uangukapo hapo katikati.

Lakini katika nchi ya mvua nyingi sana, mtaro usiwe sawa kabisa. Uinamishwe kidogo upande mmoja, maji ya ziada yapate kutoka polepole na kwenda mahali penye nyasi nene. Yasielekezwe njiani wala shambani kwa jirani, kwa maana maji ya namna hiyo huzaa mifereji na kesi.

Kazi hii si ndogo. Lakini udongo ukiisha kwenda haurudi. Udongo wa miteremko ya Nyeri na Murang'a huingia katika mito ya Tana, na mwingi wake huishia katika bwawa la Masinga, lililomalizika mwaka 1981, ambako tope hupunguza nafasi ya maji. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

KUSAFISHA NA KULIMA

Adui wa kwanza wa bustani mpya ni sangari. Mizizi yake hutambaa chini ya ardhi, na kila kipande kikatwacho na jembe huota upya. Kwa hiyo atumiaye jembe la kawaida humzidisha adui wake. Yafaa kutumia jembe la meno, kung'oa mizizi mizima, kuianika juani hata ikauka kabisa, na kurudia baada ya majuma mawili. Kazi hii ifanywe Januari na Februari, wakati wa kiangazi, kwa sababu jua husaidia kuua. Sangari ikikatwa wakati wa mvua, huwa imepandwa.

Kisha hutengenezwa vitanda sita, kila kimoja upana wa futi 4 na urefu wa futi 30, na njia ya futi moja kando ya kila kitanda. Vitanda viinuliwe inchi 6 juu ya njia, mizizi isizame majini. Tangu siku hiyo mtu asikanyage kitandani, kwa kuwa udongo mbichi ukikanyagwa hushikana kama tofali.

KUULISHA UDONGO

Mvua ya miaka mingi huosha madini kama kalisi, na udongo ukabaki na uchachu. Chai hupenda udongo huo. Kabichi, vitunguu na maharagwe havipendi. Kutia mbolea ya DAP msimu baada ya msimu huzidisha uchachu. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, lakini kipimo chake hakikisiwi. Mkulima achukue udongo wa kina cha inchi 6 hadi 8 kutoka mahali kama kumi katika kipande chake, auchanganye katika ndoo safi, na kupeleka kiasi cha nusu kilo ukapimwe, kama vile katika maabara ya KALRO huko Kabete. Chokaa hutiwa majuma kadhaa kabla ya kupanda, wala haichanganywi na samadi siku moja, kwa maana huifukuza naitrojeni ikapotea hewani.

Samadi nayo isitiwe ikiwa mbichi, kwa sababu huunguza mizizi. Irundikwe kwa miezi mitatu, na rundo lifunikwe kwa majani ya migomba au kwa karatasi ya nailoni. Rundo lililoachwa wazi huoshwa na mvua, na mkulima akabaki na makapi. Asiye na ng'ombe atengeneze mboji: majani makavu, kisha majani mabichi na maganda ya jikoni, kisha udongo kidogo na majivu, tabaka juu ya tabaka, hata lifike futi 4. Kijiti kirefu huchomekwa katikati. Kikichomolewa baada ya siku chache na kuwa cha moto, mboji inafanya kazi; kikiwa baridi, rundo lageuzwa na kutiwa maji au majani mabichi.

Debe moja la samadi iliyoiva latosha futi 40 za mraba. Basi kila kitanda chahitaji madebe matatu, na vitanda sita madebe 18.

KITALU NA MICHE

Mbegu za kabichi, sukuma wiki na vitunguu huanzia kitaluni mwezi wa Februari. Mistari iachane inchi 6, mbegu zifunikwe kwa udongo wa nusu inchi tu, na juu yake nyasi kavu. Mbegu zikisha kuota, nyasi huondolewa, na kivuli chepesi huinuliwa juu ya vijiti. Wengi huua miche yao kwa huruma: hupanda mbegu nyingi pamoja na kumwagilia asubuhi na jioni, hata shina likaoza karibu na ardhi na mche ukaanguka. Miche ipunguzwe ipate hewa.

Baada ya majuma manne hadi sita miche huwa tayari. Juma la mwisho hupunguziwa maji na kivuli, ipate kuzoea taabu. Huhamishwa jioni au siku ya mawingu, mvua ya Machi ikiisha kulowesha ardhi. Sukuma wiki hupandwa mistari miwili katika kila kitanda, mstari na mstari futi 2, na shina na shina futi moja na nusu. Hivyo kitanda kimoja huwa na mashina 40. Kila shina likitoa majani mawili kwa juma, jikoni mtaingia majani 80 pasipo kwenda sokoni. Karoti hazihamishwi, mbegu zake hupandwa pale pale zitakapokulia.

MAGONJWA YA UNYEVU

Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu uliingia katika viazi vya Ayalandi, nchi nyingine ya baridi na mvua. Maskini wengi wa huko walitegemea viazi karibu peke yake, na kabla ya mwaka 1852 kwisha watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi. Ukungu huo huo umo katika milima ya Kenya, nao hushambulia nyanya pia. Majani hupata madoa meusi, na shamba zima laweza kuoza kwa siku chache.

Kwa hiyo mwenye vitanda sita asipande viazi katika vyote. Apande jamii nne mbalimbali: jamii ya kabichi, jamii ya maharagwe na njegere, jamii ya viazi, nyanya na mnavu, na karoti pamoja na vitunguu. Kila msimu jamii hizo zihame kitanda, na jamii isirudi pale ilipotoka mpaka zile tatu zimepita. Vitanda viwili vilivyobaki ni vya kitalu, dania na spinachi. Kwa njia hii ugonjwa ujao hukuta sehemu tu ya chakula, wala si chakula chote.

Tena mbegu za viazi ziwe safi. Mashina yaachane inchi 12, na mistari inchi 30, upepo upate kupita. Majani yenye madoa yang'olewe na kuzikwa mbali. Anyunyizaye dawa ya ukungu ainyunyize kabla ugonjwa haujaenea, asome maagizo ya chupa, na kungoja siku zilizoandikwa kabla ya kuvuna. Nyanya zisizo na paa la nailoni hufaa zaidi kiangazi, kwa kumwagiliwa chini, si juu ya majani.

Konokono wasio na gamba hutoka usiku kula miche. Hutafutwa kwa taa na kuokotwa. Kiwavi akataye shina hulala mchana ndani ya udongo karibu na mche alioukata. Akifukuliwa asubuhi huonekana amejikunja.

MWISHO WA SOMO

Mavuno ya msimu wa kwanza yaweza kuwa machache, na mkulima asivunjike moyo. Kuna kipimo kingine cha kazi yake kuliko kikapu. Siku ya mvua kubwa ya Aprili, achukue mwavuli aende kutazama maji yatokayo katika bustani yake. Yakiwa mekundu, udongo wake unaondoka, na yampasa kurudi kwenye mitaro na nyasi kabla ya kufikiri juu ya mbegu nyingine. Yakiwa meupe, udongo umebaki nyumbani. Bustani imekwisha kuanza, na watoto wake watakuja kulima mahali pale pale.