Adabu na Kunga za Kutoa Maoni juu ya Andiko la Mwenzako: Mafunzo kutoka Kibera na Kawangware

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi. Guu hupona, bali neno likishatoka halirudi. Katika vyama vyetu vya wanafunzi wa Kiswahili, mashairi, hadithi fupi na insha za wanachama husomwa hadharani, kisha mwenyekiti huuliza, "Je, kuna maoni?" Hapo ndipo penye mtihani. Wako wasemao, "Kazi nzuri, endelea," wakaketi. Wako pia wasimamao kwa nia moja tu, ya kuonyesha kwamba wao wanajua zaidi. Wa kwanza hawajasema neno. Wa pili wamesema mengi yasiyofaa kitu.

Makala haya yanajadili namna ya kutoa maoni yatakayomfaa aliyeandika, aliyeyatoa na wanaosikiliza. Mifano yetu inatoka Kibera na Kawangware, jijini Nairobi. Mwandishi wa makala haya alikulia Kawangware. Na zaidi ya hayo, mitaa hii miwili huzungumziwa sana na watu ambao hawajawahi kuikanyaga. Yafaa basi kuwa shule ya kujifunzia uzito wa maoni.

Majibizano katika mapokeo ya Kiswahili

Msomaji asidhani kwamba kujibu kazi ya mwenzako ni jambo geni lililokuja na madarasa ya uhakiki. Muyaka bin Haji wa Mombasa, malenga wa karne ya 19, alijibizana kwa tungo na washairi wa Lamu wakati miji hiyo ilipohasimiana. Ingawa yalikuwa majibizano ya mahasimu, yalikuwa na masharti yake. Anayejibu alilazimika kwanza kulielewa fumbo la mwenzake. Asiyelifumbua hakuwa na la kujibu, hata angekuwa na hasira kiasi gani. Mapokeo hayo hayakuishia pwani. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923, lilitoa nafasi kwa mashairi ya wasomaji, na baadaye Taifa Leo la Nairobi likafanya vivyo hivyo. Mtu alituma shairi lake, na mwingine kutoka mji wa mbali akalijibu.

Hali kadhalika, mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970 ulikuwa mgogoro wa maoni. Kahigi na Mulokozi walipotoa Mashairi ya Kisasa mwaka 1973, na Kezilahabi akatoa Kichomi mwaka 1974, palizuka swali: je, utungo usio na vina na mizani ni shairi? Wapo waliokana na wapo waliotetea. Tunachokijadili darasani hadi leo ni hoja za pande mbili hizo: vina na mizani ni uti wa mgongo wa shairi, au ni vazi tu? Hoja huishi, kejeli haina wa kuirithi.

Kosa lililonifunza

Naomba kutoa ushuhuda. Nilipokuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, tulikuwa na kikundi kidogo cha kusomeana kazi zetu. Mwenzetu mmoja kutoka Kibera alileta hadithi iliyoanza kwa mazungumzo ya makanga wa matatu na abiria, yote kwa Sheng. Nilisoma ukurasa wa kwanza, nikaandika pambizoni, "Sheng tupu. Hiki si Kiswahili," nikamrudishia mbele ya wenzetu. Walicheka. Yeye alizikunja karatasi zake akazitia mfukoni.

Hakuleta hadithi nyingine. Muda mrefu baadaye mwanachama mwingine aliniambia kwamba kuanzia ukurasa wa pili msimulizi alikuwa akizungumza Kiswahili sanifu cha kupendeza, na kwamba kisa kizima kilihusu kijana mwenye ndimi mbili asiyejua ni ipi imwakilishe. Hilo nililolihukumu kuwa kosa ndilo lililokuwa maudhui. Nilimtafuta mwenzangu nikamwomba radhi. Alicheka, akasema yamekwisha. Nilipomwomba niisome ile hadithi, akanijibu kwamba karatasi zile dada yake alizifungia mandazi ya kuuza.

Tangu siku hiyo nimejiuliza maoni mema yana sifa gani. Zifuatazo ni tano nilizoziona.

Sifa za maoni yenye manufaa

(i) Hutanguliwa na usomaji kamili. Kosa langu halikuwa kuchukia Sheng. Kila mtu ana msimamo wake. Kosa lilikuwa kuhukumu safari kwa hatua ya kwanza. Anayetaka kutoa maoni na asome mara mbili: mara ya kwanza afuate mwandishi anakokwenda, mara ya pili atazame njia aliyoipita.

(ii) Huthibitishwa. Tuchukue jina lenyewe la Kibera. Mwanafunzi akiandika "Kibra", si ajabu mwenzake akalipigia mstari kuwa kosa la tahajia. Kumbe hilo ndilo jina litumiwalo na Wanubi, jamii ya askari wa King's African Rifles waliopewa makazi hapo mwanzoni mwa karne ya 20, nao hulieleza kuwa na maana ya msitu. Tena tangu uchaguzi wa 2013 eneo bunge lenyewe huitwa Kibra. Anayesahihisha kisicho kosa hujidhihirisha mwenyewe.

Mfano wa pili ni idadi ya watu. Kwa miaka mingi iliandikwa na kunakiliwa kwamba wakazi wa Kibera ni milioni moja au zaidi. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 170,070. Wako waliozua ubishi juu ya hesabu hiyo, nao wana haki ya kubisha. Lakini anayebisha sharti aeleze namna ya kuhesabu, mipaka ya eneo na siku ya kuhesabiwa. Kurudia "milioni" kwa sababu wengi wamesema si kutoa maoni. Ni kuitikia wimbo.

(iii) Huongeza kilichopungua. Kabla ya mwaka 2009, sehemu kubwa ya Kibera ilikuwa pengo tupu katika ramani za umma. Mwaka huo vijana wa mtaa huo, chini ya mradi wa Map Kibera, walitembea vichochoroni na vifaa vya kupimia mahali, wakaweka katika ramani visima, vyoo, zahanati, shule na makanisa ya Kianda, Lindi, Makina na vijiji vinginevyo. Wangaliweza kulalamika tu kwamba ramani ni mbovu. Wao walijaza pengo. Maoni mema nayo hufanya hivyo: humpa mwandishi neno, mfano au habari ambayo hakuwa nayo.

(iv) Hutaja mahali na sababu. "Nzuri" na "mbaya" ni hukumu zisizo na ushahidi. Wahenga walisema asifuye mvua imemnyea. Basi anayesifu na aonyeshe alikonyeshewa: ni ubeti upi, sentensi ipi, neno gani. Anayekosoa vilevile.

(v) Hutenga andiko na mwandishi wake. Sifa hii katika mitaa yetu si jambo la adabu tu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini, na Kibera ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoungua. Oktoba 2017 moto kama huo ulizuka Kawangware. Kila mara fujo zilitanguliwa na kuandamana na maneno ambayo hayakujibu hoja ya mtu bali kabila lake. Ndiyo sababu Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, inayoharamisha matamshi ya chuki. Mwanafunzi anayezoea kusema, "Ninyi watu wa upande ule hamjui kuandika," anajizoeza jambo kubwa kuliko uhakiki.

Mfano wa kufanyia kazi

Tuseme mwanachama ameandika hivi: "Mama alilibeba dumu la maji mpaka nyumbani. Alikuwa amechoka. Maisha ya Kibera ni magumu." Maoni matatu yakatolewa.

La kwanza: "Safi sana, dada. Kaza uzi." La pili: "Inachosha. Kila mtu anajua Kibera ni pagumu." La tatu: "Sentensi ya kwanza imeniingiza njiani pamoja na mama huyu, kwa sababu nimeliona dumu lake. Sentensi ya tatu imenitoa njiani, kwa kuwa sasa unanieleza badala ya kunionyesha. Kwetu Kawangware maji ya dumu la lita 20 hununuliwa, na siku mifereji inapokauka bei hupanda. Je, mama huyu alilipa shilingi ngapi, na alikosa kununua nini ili apate maji hayo?"

Maoni ya kwanza yana upole lakini hayana kitu. Ya pili yana chembe ya ukweli, kwamba sentensi ya mwisho imezoeleka, ila yameifunga kwa dharau hata mwandishi asiione. Ya tatu yanaonyesha mahali panapofaa na mahali palipolegea, yanatoa sababu, yanaongeza habari kutoka kwa mtoa maoni, kisha yanaishia kwa swali. Swali hilo ni zawadi. Mwandishi anaporudi nyumbani halibebi jeraha; analo jambo la kuandika.

Hata hivyo, tujihadhari. Mwamba ngoma huvutia kwake. Mtoa maoni asiigeuze hadithi ya mama wa Kibera kuwa hadithi ya Kawangware, wala asiandike upya kazi isiyo yake. Akishauliza swali, amwachie mwenyewe jibu.

Hitimisho

Tumeona kwamba kujibu kazi ya mwenzako ni sanaa yenye mapokeo marefu katika Kiswahili, na kwamba huhitaji usomaji kamili, uthibitisho, nyongeza, ushahidi na heshima. Wahadhiri wetu hutufundisha nadharia za uhakiki, nasi twazihitaji. Ila mbele ya nadharia zote yupo mtu aliyekesha akiandika, pengine kwa mwanga wa koroboi, akatuletea karatasi zake kwa mikono miwili. Tuzipokee kwa mikono miwili.

Maswali ya kujadili

1. Chagua kazi ya mwanachama mmoja. Andika maoni yenye kutaja angalau mahali pawili mahususi, na ueleze sababu.

2. "Sheng haina nafasi katika hadithi ya Kiswahili." Jadili kwa kutofautisha lugha ya msimulizi na lugha ya mhusika.

3. Kumbuka maoni uliyowahi kumpa mwenzako kwa haraka. Yaandike upya kwa kuzingatia sifa tano zilizotajwa, kisha umpelekee.