Hafla za Jamii na Matembezi ya Familia katika Jiji la Jangwani: Somo kutoka Phoenix

Lengo la somo: Baada ya kusoma makala haya, mhudumu wa afya na mwanafamilia wataweza kupanga shughuli ya nje katika mji wenye joto kali, kutambua dalili za hatari na kutoa huduma ya kwanza iliyo sahihi.

Mji na watu wake

Phoenix, makao makuu ya jimbo la Arizona nchini Marekani, umejengwa katika Jangwa la Sonora. Mwaka 2023, kuanzia tarehe 30 Juni hadi tarehe 30 Julai, joto la mchana lilifika au kupita nyuzi 43 za sentigredi kila siku, kwa siku 31 mfululizo. Katika kipindi hicho zilipita siku 16 ambazo hata alfajiri joto halikushuka chini ya nyuzi 32. Mwaka huo kaunti ya Maricopa, ambamo mji huo umo, iliandikisha vifo 645 vilivyohusiana na joto. Si wote waliofariki walikuwa matembezini: wengi hawakuwa na makazi, na wengine walikuwa katika nyumba ambazo viyoyozi vyake havikufanya kazi.

Miongoni mwa wakazi wa mji huo zimo familia za Kikongo na Kirundi zinazozungumza Kiswahili, baadhi yao zikiwa zimepitia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma. Kwa familia hizo, harusi, mahafali, sikukuu za dini na mikusanyiko ya nyama choma bustanini ni njia ya kutunza undugu na kuondoa upweke wa ugenini. Kwa hiyo ushauri wa afya usiwe kuwafungia watu ndani, bali kuwafundisha namna ya kukutana salama.

Jua si lile lile

Wageni wengi husema kwamba jua wamelizoea tangu utotoni. Kauli hiyo ina hatari. Kigoma na Bujumbura ziko kando ya Ziwa Tanganyika, na joto la mchana huko huwa karibu nyuzi 30. Goma, iliyo juu zaidi, ina baridi kiasi. Hewa ya nyuzi 43 imezidi joto la kawaida la mwili, ambalo ni nyuzi 37. Haiupozi mwili tena, bali huuongezea joto. Kinga kuu inayobaki ni jasho. Katika hewa kavu ya jangwani jasho hukauka kabla halijaonekana, hivyo mtu hupoteza maji mengi huku akidhani hatoki jasho. Mwili huchukua wiki 1 hadi 2 kuzoea joto jipya, na mazoea hayo hupotea mtu akikaa mbali nalo.

Saa ndiyo huamua

Wenyeji wa Phoenix wamejifunza kupanga burudani kwa kufuata jua. Shughuli nyingi kubwa za nje hufanyika kati ya Oktoba na Aprili. Matembezi ya sanaa ya kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi hufanyika jioni. Tangu mwaka 2021 jiji hufunga baadhi ya njia za milimani, zikiwemo za mlima Camelback, katika saa za mchana za siku zenye tahadhari ya joto kali.

Kamati ya harusi au ya sikukuu inaweza kufuata hekima hiyo. Wakati wa kiangazi, shughuli ya nje imalizike kabla ya saa 3 asubuhi au ianze baada ya jua kuzama. Shughuli ya mchana ihamie ukumbini wenye kiyoyozi. Mtu mmoja ateuliwe kusimamia maji na kivuli, kama anavyoteuliwa msimamizi wa chakula. Watoto wasiachwe peku: lami iliyopigwa na jua la utosi hupita nyuzi 65 na huunguza ngozi kwa muda mfupi. Kamwe mtoto asiachwe ndani ya gari lililosimama, hata kwa dakika chache, kwani mwili wake hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima.

Wanaohitaji uangalizi zaidi

Wazee, wajawazito, watoto wachanga na wenye maradhi ya moyo, figo au kisukari huathirika mapema. Mtoto aliye chini ya miezi 6 anyonyeshwe mara nyingi zaidi, hahitaji maji. Mwenye ugonjwa wa selimundu akikaukiwa na maji anaweza kupata maumivu makali, na kujitosa ghafla katika bwawa la maji baridi huweza kumletea maumivu hayo hayo. Anayetumia dawa za kuongeza mkojo au baadhi ya dawa za magonjwa ya akili aonane na mhudumu wake kabla ya msimu wa joto. Asiache dawa kwa uamuzi wake. Insulini isiachwe garini.

Kupoza kwanza

Uchovu wa joto huleta kizunguzungu, kichefuchefu, maumivu ya kichwa na jasho jingi. Mgonjwa apelekwe mahali pa baridi, alegezewe nguo, anyweshwe maji kidogo kidogo au maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi.

Akianza kuweweseka, kuyumba, kupata degedege au kuzimia, hicho ni kiharusi cha joto. Ngozi inaweza kuwa kavu au yenye jasho. Dalili kuu ni kuvurugika kwa akili. Pigeni simu ya dharura, ambayo Marekani ni 911, na muanze kumpoza papo hapo bila kusubiri gari. Mtumbukizeni katika maji baridi, mkikishika kichwa kisizame. Yasipotosha, mmwagieni maji mwili mzima huku mkimpepea, na muweke barafu shingoni, makwapani na kinenani. Asiyejitambua asinyweshwe chochote. Parasetamoli haishushi joto la aina hii.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini mtu aliyekulia Kigoma asidhani kuwa amezoea joto la Phoenix?
2. Mahafali yamepangwa saa 8 mchana mwezi Julai, uwanjani. Kamati ibadilishe mambo gani?
3. Bibi ameanza kutaja majina ya watu wasiokuwepo katikati ya sherehe. Ni lipi la kwanza kufanya, na lipi lisifanywe?
4. Mhudumu anayeandaa familia kuhamia mji wa jangwani aulize nini kuhusu dawa na maradhi yao?