SOMO: TUPUNGUZE UZITO BILA KUJIDANGANYA



Kila Kwaresima ikikaribia, wengi wetu hapa Mkunya husema, "Safari hii nitafunga, na mwili nao utapungua." Nia ni njema. Lakini Bwana wetu alionya kwamba kuanza mnara bila kupiga hesabu ni kujitafutia aibu (Luka 14:28-30). Basi na tuhesabu.

Kwanza, tuseme kweli. Tulipoulizwa zahanati tunakula nini, tulijibu, "Kidogo tu." Hatukutaja korosho tunazotafuna barazani, wala sukari ya chai: vijiko 3 kwa kikombe, vikombe 4 kwa siku, ni vijiko 12! Muuguzi aliandika tuliyosema. Mizani ikasema yake.

Pili, tusitazamie makubwa. Nusu kilo kwa juma ni mwendo mzuri. Kwa Kwaresima nzima ni kama kilo 3. Mwenye kilo 90 akipunguza kilo 4 au 5 tu, shinikizo la damu laweza kupata nafuu. Kushinda njaa na kufidia usiku hakutufikishi mbali.

Tatu, tusiogope maneno. Wako watakaouliza, "Mbona umekonda, unaumwa?" Tuwajibu kwa upole. Lakini anayekonda bila kukusudia asinyamaze, aende hospitali. Na anayetumia dawa za kisukari asifunge kabla ya kumwuliza daktari.

Pasaka ikifika, tushangilie bila kujilipiza.

Swali la kujadiliana nyumbani: Ni chakula gani tunachokila bila kukihesabu?