Malale: Maradhi ya Mbung'o Yanayoingia Ubongoni

Mtu aliyeumwa na mbung'o mwenye vimelea vya malale aghalabu huanza kwa homa za kuja na kuondoka, kichwa kikamgonga na viungo vikamlegea, naye akadhani ni malaria. Kumbe vimelea vile, vikisha kuzaana damuni, huvuka hata ubongoni, na ubongo pamoja na ngozi zake ukafanya uvimbe, mgonjwa akawa husinzia mchana kutwa na kukesha usiku kucha, na tabia zake zikageuka hata jamaa zake wakasema amepagawa. Asipotibiwa, hufa.

Mwaka 1902, wakati maradhi haya yalipokuwa yakifyeka watu wa Busoga kwa maelfu, tabibu wa Kitaliano Aldo Castellani aliviona vimelea huko Entebbe katika maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa, na mwaka uliofuata David Bruce akathibitisha kuwa mbung'o ndiye mwenye kuvieneza. Tangu hapo maji yale yakawa ndiyo shahidi: chembe nyeupe zikizidi 5 katika mikrolita moja, hudhaniwa kuwa maradhi yamekwisha kuingia ubongoni. Wako wanaoamini kwamba kutolewa maji ya mgongo humpoozesha mtu, hali sindano huchomwa chini kiunoni, mahali ambapo uti wenyewe umekwisha koma.

Dawa ndiyo iliyokuwa msiba. Melasoproli, iliyoanza kutumika mwaka 1949, ilitengenezwa kwa aseniki, ikiunguza mishipa ilimopitishwa, na kwa kuuchochea ubongo uvimbe mpya iliua kadiri ya wagonjwa 5 katika kila 100. Nasi hatuoni haki kuwalaumu waliokuwa wakiikimbia. Leo kuna vidonge vya feksinidazoli, vilivyokubaliwa Ulaya mwaka 2018 kwa malale ya Kongo na magharibi, na baadaye, baada ya kujaribiwa Malawi na Uganda, kwa malale ya upande wetu wa mashariki pia; humezwa siku 10, na wengi wamesalimika na ile sindano ya mgongo. Lakini sharti mgonjwa awe amekula, kwani tumboni mtupu dawa haifyonzwi ipasavyo, na ndiyo maana muuguzi husimama kumwangalia akila kwanza.

Malale ya mashariki huenda mbio, ubongo ukafikiwa kwa majuma tu. Basi aliyetoka mbugani au machungani, akashikwa na homa ambayo kipimo cha malaria hakikuona kitu, na amwambie daktari, hata asipoulizwa, kwamba aliumwa na mbung'o.