Uvimbe wa figo ukifika moyoni, usikate tamaa

"Daktari, tumeambiwa saratani ya figo ya baba imepanda hadi moyoni. Si heri tumrudishe nyumbani tu?"

Swali la aina hii huulizwa kwa sauti ya chini, na watu ambao tayari wamekata tamaa. Jibu langu ni hili: si lazima. Uvimbe uliofika moyoni kwa kufuata mshipa si sawa na saratani iliyosambaa mwilini, na mara nyingine waweza kutolewa.

Hufikaje moyoni?

Damu iliyosafishwa na figo hutoka kwa mshipa unaomwaga katika mshipa mkuu wa tumbo. Mshipa huu mkuu hupanda nyuma ya ini na kuingia katika chumba cha juu cha moyo, upande wa kulia.

Saratani ya figo ina tabia ya kuingia ndani ya mshipa huo na kukua humo, ikifuata damu inakokwenda, kama mzizi ulioingia katika bomba la maji. Kati ya wagonjwa 100 wa saratani hii, 4 hadi 10 huwa uvimbe wao umeingia katika mshipa. Wanaofikiwa moyoni ni kama mmoja tu.

Jambo la kutia moyo ni kwamba mara nyingi kipande hicho huning'inia ndani ya mshipa bila kushikamana na kuta zake. Ndiyo sababu daktari aweza kukivuta na kukitoa.

Lakini kukiacha ni hatari. Kikikatika, hubebwa na damu hadi mapafuni na chaweza kuua ghafla. Kikiziba mshipa, miguu na tumbo huvimba. Dawa za kuzuia damu kuganda haziwezi kukiyeyusha, kwa sababu si damu iliyoganda, bali ni saratani yenyewe.

Upasuaji wenyewe

Kwanza mgonjwa hupigwa picha ili ijulikane uvimbe umefika wapi. Ukiwa chini ya ini, mshipa hubanwa juu na chini, hupasuliwa, uvimbe huvutwa pamoja na figo, kisha mshipa hushonwa.

Ukiwa umefika moyoni, daktari wa figo humwita mwenzake wa moyo. Mgonjwa huunganishwa na mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, ambayo Daktari John Gibbon wa Marekani aliitumia kwa mafanikio mara ya kwanza mwaka 1953. Mara nyingine mwili hupozwa kutoka nyuzi 37 hadi karibu 18, na mzunguko wa damu husimamishwa kwa dakika kadhaa. Ubongo uliopozwa huhitaji oksijeni kidogo, na daktari hupata nafasi ya kuona ndani ya mshipa usio na damu. Kazi ikiisha, mwili hupashwa moto tena. Mgonjwa huishi kwa figo iliyobaki, mradi ni nzima.

Sitakuficha: upasuaji huu ni mzito. Damu nyingi yaweza kupotea, na wengine hufariki. Si kila mgonjwa anaufaa. Lakini miongoni mwa wale ambao saratani haijafika mapafuni, mifupani au kwingineko, karibu nusu huwa hai miaka 5 baadaye.

Watoto nao

Uvimbe wa figo uitwao Wilms huwapata hasa watoto walio chini ya miaka 5, na nao waweza kupanda kwa njia hiyo hiyo. Hao kwa kawaida hupewa dawa za saratani kwanza, uvimbe unywee, ndipo wapasuliwe. Mama, ukimwosha mtoto ukahisi kitu kigumu tumboni, usikibonyeze-bonyeze. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Usidharau damu katika mkojo

Hapa kwetu, mtu akikojoa damu husema, "Ni kichocho," akameza dawa na kusahau. Yaweza kuwa kichocho kweli, hasa kwa vijana wa Pwani. Lakini saratani ya figo nayo hutoa damu, mara nyingi bila maumivu, na yaweza kutoka siku moja kisha ikapotea kwa miezi.

Kwa hiyo, mkojo ukipimwa usionyeshe mayai ya kichocho, au damu ikirudi baada ya dawa, omba upigwe picha ya ultrasaundi ya figo. Kama umepita miaka 40, usingoje irudi mara ya pili. Fanya hivyo pia ukiona miguu yote miwili imevimba, maumivu ya ubavuni yasiyoisha, au mishipa ya korodani iliyovimba ghafla, hasa upande wa kulia.

Wavutaji sigara, wanene kupita kiasi na wenye shinikizo la damu wawe macho zaidi. Uvimbe ukigunduliwa ungali ndani ya figo, hakuna haja ya kuufuata hadi moyoni.